Korongo Aliyeitika

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha uniache niseme. Mimi si mlevi, kanisani nakaa benchi la mbele, na hata wale akina mama wa mtaa wetu wa Rwambuzi wasionipenda kwa sababu ya mdomo wangu hawajawahi kusema kwamba ninaongopa. Haya yalinipata mwenyewe, hapa hapa Bunia, enzi za Zaire. Waliosikia siku ile baadhi yao wangali hai, waulize.

Mume wangu aliitwa Ukelo. Serikali iliporuhusu watu wa kawaida kuchimba dhahabu, alibeba beleshi na blanketi akaenda machimbo ya Bambu, kama nusu ya wanaume wa mtaa wetu. Alisema atarudi kabla maharage hayajakauka. Maharage yalikauka, nikapanda mengine, nayo yakakauka. Wenzake walirudi, huyu na kidonda, yule na redio. Ukelo hakurudi. Hakuna aliyemwona maiti, na hakuna aliyemwona mzima. Wewe umewahi kulala hivyo? Napika cha wawili, nakula cha mmoja, halafu nakaa kusikiliza mlango.

Ndipo baba mkwe wangu akaja kutoka upande wa Mahagi. Alikuwa mzee mpole, lakini mtu wa mila. Katika ukoo wao, mtu akipotea muda mrefu huzikwa mgomba badala yake. Mgomba unakatwa, unavikwa nguo zake, unalazwa kaburini mbele ya nyumba aliyoondokea. Kabla udongo haujaanguka, mke anaita jina la mumewe mara tatu. Pasipoitika mtu, basi amekufa, na mke yuko huru.

"Binti yangu," aliniambia, "tumuzike mutoto yangu. Weye ungali kijana. Hauwezi kuwa muke ya kuangalia barabara tu."

"Baba, unipatie mpaka mavuno," nikamwomba. Alikubali. Akakaa kwangu kusubiri, akinitengenezea ua uliobomoka.

Siku chache baadaye, kwenye majani ya bondeni chini ya shamba langu, nilimkuta korongo. Yule mkubwa wa kijivu, mwenye taji la manyoya ya manjano kichwani. Bawa lake moja lilikuwa linaburuta chini, na mguuni alikuwa na kipande cha kamba ya mtego. Hakukimbia. Alinitazama tu, na sijui kwa nini nilianza kulia. Nilimfunika kichwa kwa kitambaa, nikamfunga mgongoni kwa kitenge, miguu yake mirefu ikining'inia, nikashika njia ya kituo cha mifugo. Nilipokuwa navuka mtaa wa Mbunya watu walinicheka mpaka wakachoka.

"Mama, mutoto huyu amefanana na baba yake?" mmoja akauliza.

"Baba yake ni weye, umesahau?" nikamjibu, nikapita.

Kituoni kulikuwa na munganga wa ng'ombe, ndivyo tunavyomwita daktari wa mifugo, mtu mwenye huruma, ambaye nyuma ya ofisi alikuwa na ua wa matete kwa ajili ya wanyama walioumia. Alilinyoosha bawa, akalifunga kwa vijiti na bendeji.

"Mufupa utashikana," akasema. "Lakini atabaki hapa, mama. Ukimupeleka ku nyumba atazoea watu, hatajua tena kurudi kwao. Unaweza kuja kumukulisha. Ila usimusemeshe."

Nami nilikwenda kila alasiri na panzi kwenye kopo. Kuhusu kutomsemesha, niseme nini? Nyumbani nilikuwa na nani wa kuongea naye? Yule korongo alijua habari za Ukelo zote: jina lake, namna alivyokuwa akiitika "Eeee" ndefu akiwa shambani, hata kwamba alikuwa anakoroma.

Siku moja jua likiwa linazama, nilimwona mwanaume ndani ya ua. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti la rangi ya majivu na kitambaa chekundu kooni. Alisimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameukunja kabisa. Na korongo wangu, niamini, pamoja na vile vijiti vyake, alikuwa anamchezea. Anainama, anaruka, anainama tena.

"Huyu iko wa kwangu," yule mtu akasema, bila salamu. "Atapona?"

"Munganga anasema atapona."

"Basi nitangoja."

"Na miye nangoja," nikajikuta nimesema. "Bwana yangu alienda Bambu."

Aligeuza kichwa upande, akanitazama kwa jicho moja. "Unamuita?"

"Kila jioni."

"Anaitika?"

Nilitazama kopo langu la panzi. Nilipoinua macho hakuwepo. Nilimwuliza munganga yule mgeni ni nani, akaniangalia kama mtu anayetaka kunipima homa. "Mugeni gani, mama? Mulango ya ua iko na kufuli, na funguo niko nayo miye."

Alikuja tena jioni nyingine nyingi. Niogope nini? Hakunigusa, hakunitaka. Alikuwa anamtazama mkewe tu, na mkewe anamtazama yeye, nami niliona wivu mpaka kifua kikauma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimechoka. Nilitaka tu kumaliza, nilie matanga yangu kama wajane wengine, nilale usingizi.

Jioni ya mwisho kabla ya kumwachia ndege, yule mtu aliniuliza, "Nikulipe nini?"

Ningeweza kuomba chochote. Nikasema kilichokuwa moyoni: "Nataka kuitikiwa. Mara moja tu."

Akatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake munganga na mimi tulimpeleka korongo bondeni. Alikimbia kidogo, akajaribu bawa, akapaa. Kutoka kwenye majani akainuka mwingine, wakaenda pamoja. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba mkwe, "Tuzike."

Mgomba ulivikwa shati la Ukelo na suruali yake ya Jumapili. Watu walijaa mpaka njiani. Nilisimama ukingoni mwa kaburi, nikaita, "Ukelo." Kimya. Nikaita tena. Kimya, na moyo wangu ukaanza kuwa mwepesi, nakuambia ukweli. Nikaita mara ya tatu.

Kule bondeni kitu kikaitika. Sauti ilikuwa ya korongo, sitakudanganya, lakini ilisema "Eeee" ndefu, na kila aliyemjua Ukelo aligeuka kutazama. Dada yake alianguka chini.

Baba mkwe aliweka jembe polepole. "Ameitika," akasema. "Mutu mwenye kuitika, hatuwezi kumuzika."

Nililia, nikawaeleza kwamba ni ndege, kwamba mimi ndiye niliyeomba. Nani angenisikiliza? Waliutoa mgomba, wakafukia shimo tupu, mzee akarudi Mahagi akiwa na furaha kwamba mwanawe yu hai. Alikufa akiamini hivyo.

Ukelo hajarudi. Wanaume wazuri walipita mlangoni kwangu, wakaambiwa kwamba mume wangu bado anaitika, wakaendelea na safari. Sasa nimezeeka, mimi si mjane wala si mke. Na wale korongo wawili, au watoto wao, kila kiangazi hushuka bondeni, na jua likizama mmoja husema "Eeee". Najua ni ndege. Hata hivyo naepua sufuria jikoni, natoka nje, nasimama.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Ile ya korongo mimi sijui niiiteje, kwa sababu alinilipa sawasawa. Basi wewe unayenisikiliza, ukimwokota ndege aliyeumia, mpeleke atibiwe, umwachie aende. Ila mwenye ndege huyo akija kukuuliza akulipe nini, mwambie aende salama, ufunge mdomo. Mimi niliomba kuitikiwa. Sikuomba arudi.