Magoti ya Amoit

Dizeli na mahindi makavu: hiyo ndiyo harufu ya Malaba ninayoikumbuka, mwaka ule mama alipomfuata baba kaburini. Malori yalipanga foleni kungoja kuvuka mpaka, na magunia yaliyotoboka yalivuja punje chini kwenye kokoto. Nilikuwa na miaka kumi na minne na shule nilikuwa nimeshaiacha. Tangu asubuhi nilipiga magoti kando ya magurudumu, nikaokota, nikapepeta, nikawauzia wapika pombe ya busaa. Punje hizo ndizo zilizomweka mdogo wangu Amoit darasani. Kila siku alinipita akienda shule, soksi nyeupe, magoti yamepakwa mafuta yanang'aa. Niliyatazama magoti yale kwa wivu.

Asubuhi moja nikamwambia, "Leo huendi. Vua soksi, uje tuokote."

"Dada, leo ni mtihani."

"Hata huku ni mtihani."

Alivua soksi, akapiga magoti kando yangu. Kufikia saa nne magoti yake yalikuwa kama yamedonolewa na kuku, nami, nakiri, nilifurahi. Kisha dereva mmoja akachungulia dirishani, akacheka: "Mama watoto, leo umeleta na msaidizi? Kesho aje na gunia lake." Nilisikia neno kesho, nikamwona Amoit akizeekea pale pale karibu yangu. Nikampangusa damu kwa leso, nikamwambia akimbie. Karatasi ya kwanza ya mtihani ilikuwa imempita. Aliwahi ya pili.

Leo Amoit ni muuguzi mjini Busia. Juzi alichuchumaa mbele yangu, akalishika goti langu lililovimba. Alisema ncha za mifupa hufunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza ili mifupa isisagane. Gegedu huchakaa polepole, miaka kwa miaka. Mwili ukijaribu kujitengeneza huotesha vinundu vya mfupa, na asubuhi goti hukakamaa.

"Ni zile kokoto?" nikamuuliza.

"Zimechangia, labda. Hata umri, uzito, na damu ya ukoo. Siwezi kukudanganya, dada."

Akainuka bila kushika chochote. Nilimwonea wivu mtu mzima yule kama nilivyomwonea akiwa mtoto. Ningerudishiwa msimu ule, ningepiga magoti tena pale pale, ila ningemwachia karatasi zote mbili. Wivu wangu sijui ningeupeleka wapi.