Namba ya Jirani Yangu

Watu wa kwetu Silibwet huniita daktari, na nimechoka kuwakatalia. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu miaka hii ni kukata vipande vyembamba vya uvimbe, kuvitia dawa na kutazama kama protini fulani imo. Ikiwemo, kipande hugeuka kahawia, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Saratani tunayoifuatilia ni ya nadra, hushika misuli, na tunataka kujua kama protini hiyo inaweza kututabiria mwisho wa mgonjwa. Haijathibitishwa, mkubwa wetu hutukumbusha kila Jumatatu, kwa hivyo mgonjwa haambiwi kitu. Lakini nina macho. Wale ambao vipande vyao vilikolea walihudhuria kliniki miezi michache tu, kisha wakafariki.

Vipande havina majina, vina namba tu. Nilipenda hivyo, maana namba haikusalimii sokoni.

Kisha jirani yangu, mama aliyetoka kando ya ziwa akachuma majani chai ya kampuni hadi akanunua kishamba chake, alikubali uvimbe wa paja lake uingie katika utafiti wetu. Alinionyesha kwa fahari nakala ya karatasi aliyotia sahihi, namba ikiwa juu kabisa. Nilijitahidi nisiisome. Nikaisoma.

Wiki ya pili namba ile ikafika mezani kwangu. Kipande kilikolea kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nilirudia kazi nzima, siku mbili, nikiomba iwe nimekosea dawa. Sikuwa nimekosea.

Nikaanza kumkwepa. Nilizunguka na njia ya kiwandani, yenye matope, ili nisipite langoni kwake. Jumamosi moja akanikuta uani kwangu, akanitania kwamba nimeanza maringo. Habari ya utafiti hakuuliza. Alinyoosha mkono kuelekea shamba lake, lililokuwa limelimwa tayari.

"Daktari wangu, hapa nipande majani ama waru?"

Majani chai hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuchumwa vizuri. Waru, yaani viazi, ni miezi tu. Hapa kwetu kila mtu anajua hilo. Miche yake ya chai ilikuwa imepangwa kivulini, imemwagiliwa asubuhi hiyo. Ningeweza kusema majani, nikaingia zangu ndani.

"Panda waru, mama," nikasema. "Zina soko sasa."

Aliniangalia. Niliogopa, nikaanza kueleza bei za sokoni, maneno yakinitoka hovyo. Hakuwa akinisikiliza.

"Ile ya miezi mitatu," akauliza polepole, "ama ile ya miezi minne?"