Filamu ya Dobi

Jirani yangu Mama Sinema hakumuuzia mtu filamu kabla ya kumhoji. Unaingia dukani kwake, chumba kimoja chenye kompyuta inayounguruma, viti viwili vya plastiki na ukuta mzima wa picha za waigizaji wa Kikorea, Kichina na Kijapani, unamkabidhi flashi, unasema nipe yoyote nzuri. Hapo umeyataka mwenyewe. Atakuuliza umelala vipi, umegombana na nani, unataka kucheka au kulia, na kama ni kulia, kulia kwa kiasi gani. Mimi ni kinyozi. Duka langu na lake yanatenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo mahojiano hayo nimeyasikia kwa miaka, nipende nisipende.

Alikuwa na ulimi. Filamu za Kichina za mapanga alizipenda, lakini watu wakianza kuruka juu ya mapaa bila sababu, alisema mwenye filamu kaishiwa maneno. Za Kikorea za mapenzi alizigawa mafungu mawili: zile ambazo mtu anakohoa mwanzoni na mwisho mnazika, na zile ambazo anapoteza kumbukumbu ili filamu ipate kurefuka. Za mizimu za Kijapani alimnyima yeyote anayekaa peke yake, ingawa yeye mwenyewe alikaa peke yake na alizitazama zote huku akimenya viazi. Halafu kulikuwa na zile za Kijapani za familia, watu wanakula, wanaosha vyombo, hakuna anayepaza sauti. "Hizo," aliniambia, "utajikuta unalia na hujui nani kakutukana." Nilichukua moja, nikasinzia katikati, nikaenda kumwambia ukweli. Alininunia wiki nzima.

Wateja walikuwa wamepungua siku hizi, maana kila mtu ana filamu zake kwenye simu. Waliobaki walikuja zaidi kwa maongezi, wakakaa kidogo, wakaenda zao. Mchana mwingine nilisikia feni ya kompyuta tu, na yeye akibishana na waigizaji.

Mtu aliyemchagulia filamu kwa moyo wote alikuwa binti yake. Ni mtoto wake wa pekee, yuko nchi ya mbali, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Anawaogesha mama za watu, anawalisha, anawafunika mablanketi. Yeye na mama yake walikuwa na desturi yao. Katikati ya wiki mama anachagua filamu na kumtumia jina. Binti anaitafuta huko aliko, anaitazama, na Jumapili mchana anapiga simu waichambue. Mama Sinema alikuwa na sikio moja zito, simu aliiweka kwenye spika, nami nilinyoa watu huku nikisikiliza.

Walikuwa wakigombana haswa. Kuna Jumapili walivutana juu ya polisi mmoja aliyemsamehe kaka yake jambazi. Binti alisema huo ni upuuzi, mwizi ni mwizi hata mkiwa tumbo moja. Mama akamwambia hujui kitu, wewe hujawahi kuwa na kaka. Simu ikakatwa. Baadaye kidogo ikaita tena. "Mama," binti akasema, "pale mwisho uliona mvua inawanyeshea na nyuma yao jua linawaka?" Walicheka hadi mteja wangu akauliza kuna nini huko.

Kisha maneno ya binti yakaanza kupungua. Kila filamu ikawa nzuri. Nzuri mama, nzuri sana, haya mama. Mama Sinema akamtumia kwa makusudi filamu mbovu ya wanajeshi waliofufuka, ambayo hata mimi nisiyechagua nilimrudishia. Binti akasema nzuri.

"Hatazami," Mama Sinema aliniambia, amesimama mlangoni kwangu amekunja mikono kifuani. "Anasema tu ili nikate simu nimefurahi."

"Labda kazi imemzidi, dada."

"Basi aseme. Mimi sidai atazame, kaka. Nadai asinidanganye. Nikishadanganywa na yule, nitaongea na nani?"

Nilikuwa karibu kusema mimi nipo, lakini mtu anayesinzia kwenye filamu zake ana haki gani ya kusema hivyo.

Wiki iliyofuata aliniita nikaone ujumbe aliokuwa amemwandikia binti. Ulisema: "Mwanangu, safari hii ni ya Kikorea. Inaitwa Dobi. Mwanamke anafua nguo za watu kwenye mji wa baridi. Hakuna mapigano. Itazame, tutaongea." Nikamwambia hiyo sijawahi kuisikia.

"Utaisikia wapi? Haipo. Nimeitunga asubuhi nikifua shuka."

"Unamtega mtoto wako."

"Ndiyo, namtega. Akisema mama hiyo nimeitafuta sijaipata, nitajua bado tuko pamoja. Akisema ameiona, basi." Akabonyeza, ujumbe ukaenda. Kisha akakaa anaiangalia simu kama anatamani kuurudisha.

Jumapili nilizima redio na mashine ya kunyolea. Mteja wangu alikuwa amenyolewa nusu kichwa, nikamwomba avumilie. Simu ikaita upande wa pili. Nyuma ya sauti ya binti yalisikika magurudumu ya kitoroli, na mzee mmoja akiita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vipi, Dobi umeipata?"

"Nimeipata mama. Nimeiona. Nzuri sana."

Nilimuonea huruma Mama Sinema, na yule binti nilimkasirikia kweli, nikatamani kupiga ngumi mbao. Nilijua sasa atamfokea, atamwambia hakuna filamu hiyo duniani. Hakufoka.

"Mwisho umeuonaje?" akauliza taratibu.

Magurudumu yakapita. "Mwisho," binti akasema, na yule mzee akaita tena. "Pale binti yake anaporudi nyumbani. Anamkuta mama yake anaanika nguo, anashika ncha ya pili ya shuka, wanakamua pamoja, hawasemi kitu. Mama, pale nililia sana."

"Walimrudisha haraka," Mama Sinema akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuchambua, ila imelowa. "Mimi ningemchelewesha kidogo."

"Hapana mama. Amekaa mno. Ningekuwa mimi ningemrudisha mapema zaidi."

"Haya mwanangu. Mzee anakuita, nenda."

Simu ikakatika. Nilimwacha mteja na nusu kichwa chake nikaenda upande wa pili, maneno makali kuhusu watoto wa siku hizi yakiwa tayari mdomoni. Mama Sinema alikuwa kwenye kiti cha plastiki, machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Pole dada," nikasema. "Kakudanganya."

"Kanidanganya," akakubali. Akaniinulia simu, ule ujumbe ukiwa bado kwenye kioo. "Soma tena. Mle ndani mimi sikuweka binti. Binti kamweka yeye."