Nilimuunguza Mke Wangu Nywele, Nikamsingizia Shangazi

Nianze na ujinga, ndipo nije kwenye dhambi. Mimi, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, niliamini kabisa kwamba draya ya nywele hukausha maziwa ya mama anayenyonyesha!

Aliyeniambia ni mwenzangu mmoja wa darasani, fundi pikipiki. Aliniapia kwamba kuna mwanamke huko Bomang'ombe aliwasha draya mara moja tu, na mpaka jua linazama kifua kimekuwa kikavu kama kiberiti, mtoto ikabidi anunuliwe mbuzi! Nilimuuliza, "Joto linafikaje kifuani?" Akajibu, "Kwa mishipa." Nikaridhika. Nilikuwa nimesoma mishipa.

Nimekosa, jamani. Nimekosa sana. Mke wangu ameshayasikia yote kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo asije mtu akakimbilia nyumbani kwetu Kibosho kumpelekea umbea.

Nitamwita Mama Manka. Si jina lake. Alikuwa mzazi, ametoka kujifungua, na mtoto ndiye wetu wa kwanza. Kwetu huku mlimani mzazi hatoki. Anakaa ndani, anapikiwa mtori wa ndizi na nyama, anakandwa, anapumzishwa mpaka shingo inapotelea mabegani. Kazi hiyo angeifanya mama yangu, lakini mama alishatangulia mbele za haki. Akaja Shangazi, dada wa baba, aliyeolewa Chekereni kule tambarare kwenye mpunga. Aliacha jaruba lake limeanza kutoa masuke, wakati ambao ndege hawana adabu hata kidogo, akapanda mlimani kunitunzia mke.

Na alimtunza! Mtori wa Shangazi ungemfanya maiti aombe kijiko. Kila jioni alimkalisha Mama Manka katikati ya magoti yake, akampaka samli kichwani polepole huku akimwimbia mtoto. Nywele za mke wangu zilikuwa nene, nyeusi, zimejikunja kama springi za godoro. Ukizivuta zinafika mabegani, ukiziachia zinarudi masikioni. Shangazi alikuwa anamtania, "Humu mbega wanaweza kuzaliana."

Ubatizo ukakaribia. Hiyo ndiyo siku mzazi anatoka, na watu wanamtazama yeye kuliko mtoto. Mama Manka akataka siku hiyo nywele zinyooke, zilale mabegani. Kushuka saluni mjini Shangazi akakataa: upepo, vumbi, macho ya watu.

"Basi nitamnyoosha mimi hapa hapa nyumbani," nikasema.

"Wewe?" Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe ambaye ndizi unamenya, nusu unatupa na ganda?"

Draya nilikuwa nayo. Nauza vitambaa kwenye duka la familia moja ya Kihindu pale Moshi mjini, na mama mwenye duka alikuwa amenipa draya yake ya mkono ya zamani. Ilikuja na kichana chake cha kuchomeka mdomoni, bado kipya ndani ya mfuko, maana nywele zake yeye hazikuwa na kazi nacho. Aliniambia, "Nywele zipungue maji kwanza, halafu moto mdogo. Polepole, umesikia?" Nikasema nimesikia. Sikusikia kitu. Nilikuwa nawaza maziwa!

Jumamosi, ubatizo ukiwa kesho yake, Shangazi alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Nikamkalisha mke wangu kwenye kigoda, nywele ametoka kuziosha, nikamfunga kifua kwa mablanketi mawili.

"Baba Manka, mablanketi ya nini na jua lote hili?"

"Ulinzi."

"Ulinzi wa nini?"

"Wa chakula cha mtoto. Tulia."

Hesabu yangu ilikuwa hivi: kama draya inakausha maziwa, dawa ni kumaliza haraka kabla joto halijashuka kifuani. Kwa hiyo sikungoja. Nywele zilikuwa zinachuruzika maji. Sikuchambua mafundo. Sikupaka losheni yoyote ya kukinga moto. Niliweka moto wa juu kabisa, nikachomeka kichana kisogoni, kwenye mizizi, nikavuta kama mtu anayeng'oa kisiki!

Kichana kikakwama. Nikavuta. Kikalia kwacha! Harufu ikajaa nyumba nzima, ile ile ya miguu ya ng'ombe inayobabuliwa kwa ajili ya makongoro.

"Baba Manka, kuna kitu kinaungua!"

"Ni samli inatoka."

"Samli gani, si nimeosha? Inauma!"

"Kidogo tu, namalizia."

Mbele zilinyooka, hilo mnikubalie. Zilinyooka zikang'aa, ungeweza kujitazamia humo ukachonga ndevu. Lakini kisogoni! Nilipotoa kichana, meno yote yalikuwa yamevaa nywele za mke wangu, vipande vifupi vilivyojisokota nchani kama nyuzi za nailoni zilizoguswa na moto. Kisogo kilibaki kama shamba la mahindi baada ya ng'ombe kupita. Nikazikusanya haraka haraka, nikazitia mfukoni mwa suruali.

Mfukoni! Mwanaume mzima na cheti chake!

Mama Manka akapeleka mkono nyuma. Mkono ukatafuta, ukashuka, ukarudi kutafuta tena.

"Ziko wapi?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyepotea sokoni.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Kilichotoka sicho.

"Ni samli ya Shangazi," nikasema. "Ilishachacha ile. Kemia inasema mafuta ya mnyama yakichacha yanakula nywele kwa ndani. Joto limeonyesha tu kilichokuwa kimeshaoza."

Kemia haisemi hivyo popote pale! Na kemia yenyewe nilipata D. Lakini huyu ndiye mwanamke aliyekuwa ananiwekea chakula kwenye hotipoti nikiwa darasani, anayewaambia dada zake kwamba mume wake anasoma. Aliniamini kwa sababu ya shule ile ile aliyonivumilia nayo.

Shangazi aliporudi na mzigo wa majani kichwani, hakupewa hata nafasi ya kuutua.

"Shangazi, uliniweka nini kichwani?"

"Samli, mwanangu. Ile ile ninayopaka mimi."

"Imeoza! Ona! Kesho nasimamaje mbele ya watu?"

Shangazi akautua mzigo. Akashika kisogo cha mke wangu, akakitazama, akakinusa. Alinusa, jamani! Kisha akanigeukia mimi, akaningoja. Alinipa muda wa kutosha kabisa. Nami nikainama, nikawa nachunguza waya wa draya kama fundi wa umeme aliyeitwa kwa dharura.

"Sawa," akasema.

Alikunja kanga zake, akambusu mtoto utosini, akashuka kwao jua likiwa bado juu. Mimi nikamsindikiza mpaka njiani nikiwa nimembebea mfuko, na njia nzima nikamsimulia habari za mvua. Mvua!

Kesho yake mke wangu alitoka uzazi amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Mtoto alitakiwa abebwe na Shangazi mpaka kwenye kisima cha ubatizo. Akabebwa na jirani asiyemzoea, akalia kwa sauti ambayo nadhani waliisikia waliokuwa kileleni. Katika picha zote za siku ile Mama Manka ametazama chini. Na mtori baada ya hapo nikawa napika mimi, kuku waliukataa.

Halafu ikaja habari kutoka Chekereni. Jaruba la Shangazi ndege walikuwa wameshalimaliza wakati yeye yuko kwangu akimpaka mke wangu samli. Akarudi akakuta mabua. Amepoteza mpunga kwa ajili yetu, na shukrani aliyoondoka nayo ni kuitwa mchafu.

Nilikonda mpaka mkanda nikautoboa tundu jipya. Dukani mama mwenye duka akaniuliza nywele zilitokaje. Nikamwambia ziliharibika, nilizikimbiza kwa sababu ya maziwa. Akaweka mkasi chini.

"Maziwa gani?"

Nikamweleza. Mishipa na kila kitu.

"Mimi nimenyonyesha watoto wangu wote, na kila wiki draya kichwani," akasema. "Maziwa yalikuwepo tele. Nani alikudanganya wewe?"

Nikaegemea majora ya vitambaa. Mpaka siku ile nilikuwa najifariji kwamba angalau niliharibu nikimlinda mtoto. Kumbe hata hilo halikuwepo! Nilibaki na uongo peke yake, mkononi, bila kifuniko.

Jumapili iliyofuata nikatoka kanisani, nikakata jani la sale. Asiyetoka kwetu aelewe: sale tunalipanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, na ukimkosea mtu ukamletea jani lake, hawezi kukunyima msamaha. Hata kama ulimchomea nyumba! Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nikalifunga fundo, nikateremka nalo mpaka Chekereni nimelishika wima kama mshumaa wa Pasaka.

Nilimkuta Shangazi jarubani akikata mabua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mtoto ananyonya?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza! Si "umefuata nini", si "una macho gani". Nikapiga magoti kwenye tope na suruali ya kanisani, nikatoa yote: maji, moto, kichana, vipande vya nywele mfukoni, kemia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akafuta viganja kwenye kanga, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Aika," akasema, ndiyo asante ya kwetu. "Nimelipokea."

Nilijisikia mwepesi, upepo kidogo tu ungenirudisha Kibosho bila nauli! Nikasimama, nikapangusa magoti, nikaanza hata kucheka. Kichwani nilikuwa nimeshamaliza kila kitu: narudi nyumbani, nakula, nalala, nywele zitaota zenyewe, na neno hili linazikwa hapa hapa kwenye mpunga.

Ndugu zangu wenye draya nyumbani, nawasihi. Nywele za mtu zikaushe kwanza kwa taulo. Mafundo yachambue kuanzia nchani, si kwenye mizizi. Paka kinga, weka moto mdogo, kichana kipite taratibu, na ukisikia harufu zima! Na ukiunguza, sema palepale, moshi ukiwa bado chumbani, kwa sababu ukishapoa tu ulimi unaanza kutafuta mtu wa kumtwisha. Utakayemwona karibu ni yule yule aliyeacha shamba lake aje akusaidie. Msifanye kama mimi. Nawaomba sana.

Kule jarubani nilikuwa nimeshageuka kuondoka Shangazi aliponiita.

"Jani umeniletea mimi," akasema. "Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikufanya kitu. Asiyejua ni mke wako."