Mazuku ya Keshero na kitanda chetu kimoja

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Nina ugonjwa wa kutaka kila sentensi inyooke. Nikiona kosa moja nafuta yote. Leo naupandisha ulivyo. Nitakayosimulia niliyaona mwenyewe, na nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nimekulia Keshero, karibu na ziwa. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu Furaha, na Koko, ndivyo tunavyomwita bibi. Nyumba ya mbao ilikuwa yetu, ila ardhi tulikodi. Kiwanja kilikuwa bondeni, ndiyo maana kilikuwa nafuu.

Jamani, napakumbuka pale. Nyundo zikichonga mawe ya lava asubuhi, harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, wakikaangwa kwa jirani, Furaha akiimba kwa sauti mbaya kabisa hadi Koko anaziba masikio.

Kwa wasioijua mazuku: ni hewa mbaya inayotoka ardhini, huku kwetu penye volkano. Haionekani. Shule niliishia njiani, kwa hiyo haya nimejisomea kwa simu: hewa hiyo ni nzito, inatulia mabondeni kama maji. Ukisimama unapumua vizuri. Ukilala chini unaweza usiamke.

Watu wa Keshero tuliishi nayo. Asubuhi hushuki penye mashimo kabla upepo wa ziwa haujaamka. Ukikuta mjusi amekufa kwenye majani, unarudi. Na kuta za viwanja tulizipanga kwa mawe matupu, bila saruji, upepo upite katikati.

Kisha akaja Papa Gaston, mfanyabiashara, akanunua kiwanja chini yetu upande wa ziwa. Mtu mzuri tu, Furaha alikuwa anapewa biskuti. Akajenga nyumba ya ghorofa, akaizungushia ukuta mrefu wa saruji.

Niseme ukweli, niliupenda ule ukuta. Mawe yamekaa sawasawa, hakuna ufa. Nilikuwa naenda kuupapasa.

Haukupita muda, tukaamka kuku wetu wamekufa. Akabaki mmoja tu, aliyelala juu ya kuni. Koko akamwangalia yule kuku, halafu akauangalia ukuta. Akaenda kwa jirani, nami nyuma yake.

"Papa, fungua hata katundu kamoja pale chini, upepo ipite."

"Koko, ukuta yenye iko na tundu, hiyo haiko ukuta. Bezi si batapita mule?"

"Mwizi wa kupita mule atakuwa panya."

"Basi hiyo panya itaniibia televizyo!"

Wakacheka wote wawili. Tundu halikufunguliwa.

Nyumbani kitanda kilikuwa kimoja. Koko akatupandisha mimi na Furaha, yeye akabaki kwenye mkeka. Nikamwambia apande.

"Nipande wapi? Juu ya kichwa yako?"

Sikupata usingizi. Kila mara nilimwita, "Koko?" naye, "Lala, mutoto, unanichokesha." Karibu na alfajiri nikaita, akanyamaza.

Tulimburuta hadi barabarani juu. Alitapika, kichwa kikamuuma siku nzima, miguu haina nguvu. Lakini aliishi, wakuu. Aliishi.

Alipopata nguvu akasema tunahama na nyumba yetu. Goma hilo linawezekana: unang'oa misumari, unapanga mbao na mabati kwenye chukudu, ile pikipiki yetu ya mti isiyo na mashine, unasukuma. Papa Gaston mwenyewe alikuja na nyundo kutusaidia kung'oa. "Kumbe Koko unaenda kweli?" aliuliza, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli.

Tukaisimamisha upya mtaa wa Mapendo, kwenye kona ya kiwanja cha mjomba. Sisemi Mapendo ni salama, mlima wa volkano unatuona huko pia. Ila unaweza kulala chini ukaamka.

Tulipokwenda kuaga majirani wa Keshero, tulikuta familia nyingine imeshajenga kibanda cha maturubai palepale petu. Mama kijana, mtoto mgongoni. Wametoka upande wa Rumangabo, kwenye vita. Koko akamweleza yote: kuku, mkeka, ukuta.

Yule mama akamsikiliza kwa heshima.

"Koko, sisi tulikimbia masasi. Upepo njo itanitisha?"

Koko akachungulia ndani ya kibanda: walikuwa wanalala chini.

Kesho yake akaniamsha tukakifungua kitanda, tukakipakia kwenye chukudu, tukampelekea yule mama.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa naamini maafa hayachagui mtu. Hewa ilikuwa ileile kwa wote, lakini Papa Gaston alilala ghorofani, Koko kwenye mkeka, na yule mama alijua hatari akabaki, kwa sababu alikotoka palikuwa pabaya zaidi.

Karibuni mchangie. Huko kwenu nani anakaa mahali ambapo kila mtu anajua ni pabaya, na ukimwuliza kwa nini hahami, anakujibu nini?