Mtani wangu, mdhamini wa mwanangu

Naomba jina langu libaki kwenu, admin, na hata majina ya humu nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, mwalimu mstaafu, mjane, naishi Mkonze. Nimezoea kushauri watu. Leo nimekuja mimi kuomba ushauri, tena kwa wengi walio na umri wa wanangu.

Binti yangu wa mwisho, nimwite Tumaini, amesomea ugavi. Alipomaliza chuo alijitolea zaidi ya mwaka kwenye stoo ya taasisi moja hapa Dodoma, chini ya Mzee Maganga. Alipoanza kuomba kazi nilimweleza habari ya wadhamini, wale watu watatu ambao mwajiri huwapigia simu kuuliza habari zako. Nilimwambia asitafute mtu mwenye cheo, atafute aliyemwona akifanya kazi, tena amwombe ruhusa kabla ya kumwandika. Kwa hiyo akamwandika mwalimu wake wa chuo, mchungaji wetu, na Mzee Maganga.

Mzee huyu ni Mnyamwezi, sisi ni Wagogo. Kwa wasiojua, makabila haya ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu nawe ukacheka, na hakasirikiwi. Mume wangu alipofariki, Mzee Maganga aliingia kaburini akalala chali, akasema Mgogo huyu hazikwi mpaka apewe kuku. Watu walicheka huku wanalia. Siku ile alinibebea nusu ya msiba, sijasahau.

Basi Tumaini akaitwa usaili, akarudi anang'aa. Wadhamini wakapigiwa simu. Baada ya hapo kimya, mpaka tukasikia nafasi imepata mtu. Nikasema ndiyo dunia.

Mwezi uliopita nilikutana sokoni na mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi ofisi ile. Alinisalimu, akasitasita, kisha akasema, "Mwalimu, sikupaswa kukuambia, lakini yule mzee wenu alimmaliza dada."

"Alisema nini?"

"Simu ilikuwa kwenye spika. Alicheka, akasema, 'Huyo Mgogo? Mkimpa stoo ataigawa yote kwa wajomba zake. Na akishakula mlenda mchana, analala juu ya meza.' Mimi nilijua ni utani. Bosi ni mgeni huku, hakucheka. Aliandika."

Nilicheka kidogo, maana hayo ndiyo maneno yake ya kila siku. Nikajiambia, mzee wa watu amesahau kuwa anaongea na ofisi. Nikapanda bajaji mpaka kwake Area D nikamweleze taratibu.

Alinipokea kama kawaida. "Mgogo, umekuja kusalimia au njaa imekuleta?"

"Nimekuja kuangalia kama mpagazi wangu bado ana mabega," nikamjibu, maana Wanyamwezi tunawatania kwa kubeba mizigo ya misafara ya zamani.

Tukacheka, chai ikaja. Nikamuuliza, "Hivi wale watu wa usaili walikupigia kuhusu Tumaini?"

Akakoroga chai yake muda mrefu, na huyu ni mzee wa kisukari, hatii sukari.

"Walipiga," akasema. "Niliwaambia binti ni dhahabu. Sijui kwa nini hawakumchukua."

Hapo ndipo moyo wangu ulipoingia baridi. Angesema, "Nilimtania kidogo, shemeji," ningemsamehe kabla hajamaliza. Mtani hafichi utani wake. Sasa kwa nini huu aufiche?

Tangu siku hiyo naona kila kitu kwa jicho baya. Jumapili nilisikia kuwa aliyepata nafasi ile ni binti wa kaka yake Mzee Maganga. Huenda alishinda kwa haki. Huenda mzee aliona aibu tu, akadanganya kama mtoto aliyevunja chungu. Sina ushahidi, na nimewafundisha wengi wasihukumu bila ushahidi. Lakini nakumbuka pia alivyonisindikiza mpaka getini akasema, "Ikitokea nafasi nyingine, asiache kuniandika." Sijui kama yalikuwa maneno ya mzazi au ya mwindaji.

Nafasi nyingine imetokea, na maombi yanafungwa wiki hii. Tumaini hajui lolote, anampenda mzee kama baba. Akimwacha, mwajiri atauliza kwa nini mkuu wake pekee wa kazi hayumo. Akimwandika, simu italia Area D tena. Nami nikimkabili mzee na nikawa nimekosea, nitakuwa nimemkasirikia mtani, na aliyeingia kaburini kwa ajili ya mume wangu.

Jana jioni Tumaini aliniuliza, "Mama, Mzee Maganga nimwandike wa kwanza au wa tatu?" Nikamwambia asubiri nitafute miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa.

Wanangu mnaosoma, nimjibu nini mtoto huyu?