Gitaa ya mzee wa Lubudi

Nilifanya ujinga: niliidanganya kwaya yetu kwamba gitaa ya wimbo wa sikukuu ilipigwa kulekule Lubudi na mzee mmoja wa huko. Prezida wa kwaya, Tata Ilunga, alishasema, "Gitaa ya mashine, wimbo tunautosha, hautaimbwa."

Basi mimi, ambaye hata sokoni natumwa kwa kusukumwa, niliitengenezea nyumbani kwenye kompyuta. Nikachelewesha noti mbili tatu, nikaongeza mkwaruzo wa vidole kwenye nyuzi. Mwisho nikafungua dirisha, nikarekodi kelele za uani ili isikike kama mtu kweli ameketi mahali anapiga.

Kwenye mazoezi Tata Ilunga alifuta machozi. Nikavimba kichwa. Ndipo jirani yangu wa nyumbani, Mama Ngoie, naye mwanakwaya, akasema:

"Ile kinu yenye kupasuka, yenye kutwanga majani ya sombe mu huu wimbo, ni yangu. Ilienda Lubudi siku gani?"